Dawa za Presha na Mabaka Kwenye Ngozi

Leo nazungumza nawe unayemtunza nyanya, kogo wetu, mwenye ugonjwa wa presha.

Ameanza kumeza vidonge. Baada ya wiki kadhaa, au miezi, hata miaka, anatokwa na mabaka usoni, shingoni, kifuani na mikononi, pale jua linapompiga. Mengine huwa kama pete zenye magamba. Kwa ngozi yetu nyeusi hayawi mekundu sana. Huwa ya zambarau au kijivu. Jirani atasema ni mashilingi, mwingine atasema amerogwa.

Iko dawa ya presha inayoongeza mkojo, haidroklorothiazidi, ambayo wagonjwa wengi hupewa. Kwa watu wachache huifanya ngozi iumizwe na jua, na kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya magonjwa, hugeuka ikaishambulia ngozi yenyewe. Haidralazini nayo, tangu miaka ya 1950, imejulikana kuleta hali kama ya ugonjwa wa lupasi: viungo kuuma, homa, uchovu. Na baridi ya Londiani isikudanganye. Huku juu jua ni kali, na anayepalilia viazi hapa au kuchuma majani chai kule Kericho hulibeba mgongoni siku nzima.

Ninachoogopa kuliko mabaka ni vidonge kutupwa chooni. Presha hupanda kimyakimya, na mtu aweza kupooza kabla ngozi haijapona. Usimkatizie dawa mwenyewe. Mlete kliniki mara moja, na pakiti zote za dawa anazotumia, pamoja na za kienyeji na mafuta ya kujipaka. Dawa za presha ni nyingi, atabadilishiwa. Mara nyingi mabaka hufifia katika wiki au miezi michache. Kwa sasa avae leso kichwani na nguo ya mikono mirefu.

Lakini midomo, ulimi au uso ukifura, hasa kwa anayemeza enalaprili, hilo si la kungoja siku ya kliniki. Sisi watu weusi hupatwa zaidi na uvimbe huo. Asimeze kidonge kingine cha dawa hiyo. Mkimbize hospitalini usiku huo huo, koo laweza kuziba. Vivyo hivyo ngozi ikifanya malengelenge na kuchubuka, au mdomo ukijaa vidonda.

Dawa iliyomdhuru ikishajulikana, omba jina lake liandikwe kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la kitabu chake cha kliniki, asije akapewa tena na mhudumu asiyemjua.