Anayejitolea Naye Aambiwe Sababu

Msikilizaji, tangu 2003 Moshi ina Kilimanjaro Marathon, mbio zinazoanzia na kuishia Uwanja wa Ushirika. Anayejitolea kugawa maji kwenye mwinuko wa Mweka, njiani mwa mbio hizo, halipwi mshahara, hivyo amri tupu haimshiki. Kinachomshika ni kujua kwa nini yuko pale: mkimbiaji wa kilomita 42 akikuta meza tupu, jua linaweza kumwangusha. Ndivyo ilivyo pia kwa mfongo, mfereji wa Wachagga unaoleta maji kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kwa vizazi sasa. Watu hutoka na majembe kuuzibua kwa msaragambo, kazi ya pamoja, kwa kuwa kila mmoja anajua maji yale yanamfikia nani.

Utaniambia mfongo una faini kwa anayetegea. Kweli, na klabu ya mbio inayoomba watu wajitolee haina. Ndiyo maana neno lake halina budi kuwa wazi zaidi. Wengine huhofia kwamba maelezo mengi humkimbiza mtu wa kujitolea. Lakini saa, mahali, kazi, sababu na jina la wa kumuuliza si mengi, hayamalizi hata dakika mbili. Ujumbe wa WhatsApp kwa kundi zima kila mmoja humwachia mwenzake. Viongozi wa klabu, mpigieni mtu simu, mumtaje jina.