Kipele Kwenye Ufizi

Leo tunaongea juu ya kile kipele kinachotokea kwenye ufizi, karibu na jino lililooza. Mtoto amelia siku mbili tatu, umempa dawa ya maumivu. Kisha kipele kikapasuka, usaha ukatoka, mtoto akalala. Wengi hudhani amepona. Hajapona. Maumivu yamepungua kwa sababu usaha umepata njia ya kutoka.

Ndani ya jino kuna nyama laini yenye mishipa, inayoshuka hadi mizizini. Jino likitoboka, viini vya ugonjwa huingia humo na nyama ile hufa. Usaha hukusanyika mzizini, hupenya mfupa, hutokea kwenye ufizi. Kipele kiko kwenye ufizi, lakini mgonjwa ni jino.

Ugonjwa wa ufizi wenyewe huanzia nje. Uchafu huganda jino linapokutana na ufizi, ufizi ukavimba na kutoka damu ukipiga mswaki. Huo hutibiwa kwa mswaki na kukwanguliwa uchafu ulioganda. Kipele cha usaha hakiponi hivyo. Hata antibiotiki peke yake haitoshi, maana uozo umebaki ndani.

Kwa mtu mzima, magonjwa haya mawili huweza kukutana katika jino moja: usaha wa mzizi hupanda kando ya jino na kulilegeza, au ugonjwa wa ufizi hushuka hadi ncha ya mzizi. Ndiyo maana daktari wa meno huligonga jino, hupima ufizi na kupiga eksirei kabla ya kuamua.

Na usiseme, "Ni jino la utoto, litang'oka." Magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12, na chini yake jino la ukubwani linakua. Usaha waweza kuliharibu. Tena gego la kwanza la ukubwani huota mtoto akiwa na miaka kama 6, nyuma ya mengine, bila jino lolote kung'oka. Wengi hulidhania la utoto! Hilo halina badala. Muulize daktari kama mzizi waweza kusafishwa na kuzibwa kabla ya kuling'oa.

Usitoboe kipele kwa sindano. Usiweke aspirini kwenye ufizi, huunguza. Shavu likivimba kuelekea jichoni au chini ya taya, mtoto ana homa au anashindwa kumeza, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.