SAFARI YA SIKUKUU HUANZIA SOKONI

Mada ya leo ni yetu sote.

Desemba ikifika, Kariakoo inakuwa haipitiki. Mabegi yananunuliwa, nguo za watoto zinafungwa, na kila mtu anakuuliza, "Wewe kwenu unakwenda lini?" Wa Moshi, wa Tanga, wa Mbeya, wote mawazo yako Mbezi, kwenye kituo cha mabasi cha Magufuli kilichochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021. Zawadi ya mama umeikumbuka, ya shangazi pia. Je, mwili wako umeuandalia nini?

Tukubaliane jambo moja: afya yako ya njiani unaiamua jioni ya kabla ya safari, hapa hapa sokoni. Ukisubiri mpaka uwe kwenye dirisha la basi, utakula utakachouziwa.

Chakula cha njiani

Kutoka Dar mpaka Moshi ni kilomita zipatazo 550. Ukiondoka alfajiri, unafika alasiri. Basi likisimama, dakika ni chache, konda anapiga kelele, na wewe una njaa. Matokeo yake ni chipsi kavu na soda baridi. Mwezi mzima ukifanya hivyo mara moja, siyo neno. Lakini wengi wetu tunakula hivyo hata dukani, kisha safari na sikukuu vinakuja kuongeza. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina karibu vijiko vya chai 9 vya sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, ikiwezekana, asizidi vijiko 6 hivi kwa siku nzima.

Sasa pita sokoni jioni. Nunua ndizi mbivu, machungwa, matango, karanga au korosho. Desemba ni msimu wa maembe na mananasi, bei inashuka. Ongeza chapati kavu au mkate. Matunda na matango yaoshe nyumbani kwa maji safi, na mikono uinawe kabla ya kula.

Angalizo: usifunge pilau la nyama kwenye kontena ukalile Same mchana. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto zaidi ya saa mbili, maana vijidudu huzaliana haraka. Mayai ya kuchemsha yale mapema, kabla hujafika Chalinze. Ukinunua chakula njiani, chagua kinachotoka motoni mbele ya macho yako, kama mahindi ya kuchoma, au tunda unalomenya mwenyewe.

Maji na "kuchimba dawa"

Hapa nasema na dada zangu hasa. Najua wengi hamnywi maji tangu usiku wa kuamkia safari. Sababu inaeleweka: basi halina choo, na kuchimba dawa porini mbele ya abiria wote ni aibu. Lakini mwili unalipa. Kichwa kinauma, choo kinakuwa kigumu, na kukosa maji pamoja na kubana mkojo kutwa nzima hukuweka karibu na UTI. Na kama una sikoseli, ukosefu wa maji unaweza kuamsha maumivu makali yakakupeleka hospitali badala ya nyumbani. Kwako wewe maji ni sehemu ya matibabu.

Ufanyeje? Unapokata tiketi, uliza basi linasimama wapi penye vyoo, na baada ya muda gani. Kunywa maji kidogo kidogo njia nzima, usisubiri kiu. Weka chenji ya choo mfukoni, karatasi na kipande cha sabuni kwenye pochi, na kanga karibu. Nenda wawili wawili. Ukibanwa kabla ya kituo, mwambie konda bila woga: "Kaka, naomba utusimamishie penye usalama, tuna shida." Na ninyi kaka zangu, abiria akiomba kushuka, msimcheke wala msigune. Mkimcheka, safari ijayo hatakunywa maji kabisa.

Miguu nayo isafiri

Ukitembea, misuli ya shavu la mguu hubana mishipa na kurudisha damu juu kwenye moyo. Ukikaa muda mrefu, damu hutuama, na mara chache huganda. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kukaa safarini zaidi ya saa nne huongeza hatari hiyo kama mara mbili, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo. Wajawazito, waliojifungua karibuni, waliotoka kufanyiwa upasuaji na wanaotumia vidonge vya majira vyenye estrojeni wapate ushauri kituo cha afya kabla ya safari ndefu.

Basi likisimama, shuka utembee, usibaki na simu. Ukiwa kwenye kiti, kanyaga vidole, inua visigino, zungusha nyayo, kila baada ya nusu saa hivi. Begi lisikae chini ya miguu yako. Ukienda Morogoro au Dodoma kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, unaweza kusimama na kutembea behewani, na choo kipo. Na popote ulipo, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla baada ya safari, wahi hospitali. Usisubiri sikukuu iishe.

Ukifika nyumbani

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe usingoje kupewa. Chota maji, kata majani ya ng'ombe, kwenda kusalimia ndugu nenda kwa miguu badala ya kuita bodaboda. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kuuchangamsha mwili kwa wiki, na wenye miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kila siku. Nyama itakuwepo, kula, ni sikukuu. Ila sahani ianze na mboga za majani, na maji yatangulie soda na pombe.

Na wewe utakayebaki kuuza dukani, msimu huu ndio unakaa na kusimama kutwa nzima. Asubuhi shuka kituo kimoja kabla, utembee. Kwa mama lishe omba mchicha na maharage viwe vingi, wali upungue. Jioni pita Mnazi Mmoja unyooshe miguu kabla ya kupanda gari.

Basi, kesho ukitoka kazini, kabla ya kununua begi jipya, nunua kwanza machungwa na maji. Nauli umelipa ufike. Ufike ukiwa mzima. Safari njema, na sikukuu njema.