Karanga Nzuri Zisiishie Sokoni

Wiki hii nakusudia kuzungumzia vitafunio vya watoto wetu. Jambo hili linaonekana dogo, na pengine wako watakaosema kuwa yapo makubwa zaidi ya kutangaza redioni. Lakini mtoto ana tumbo dogo. Hawezi kushiba ugali wa asubuhi hadi jioni. Kile anachokula katikati ya milo, kiwe kashata, bisi au ubuyu, ni sehemu ya chakula chake, wala si mchezo.

Siku hizi mzazi akitaka kumfurahisha mtoto humpa fedha akanunue biskuti, pipi, barafu ya rangi au soda. Vitu hivyo vina sukari nyingi, na faida yake mwilini ni kidogo. Meno yanaoza, na mtoto akifika nyumbani hataki tena chakula. Wakati huo huo, uwanda huu wa kati, tunaouita nchi ya ukame, umejaa vitu ambavyo mtoto akipewa hatamani pipi. Tunazo karanga, ufuta, njugu mawe, ulezi, mtama na uwele. Mibuyu inaota yenyewe bila kupandwa. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Asali inatoka katika mapori ya Manyoni na Kondoa.

Basi jibu ni rahisi, mtasema: tutengeneze wenyewe nyumbani. Naam, ndivyo. Lakini ndugu zangu, hapa ndipo penye jambo nililolikusudia leo. Kitu kilichotengenezwa nyumbani si lazima kiwe salama.

Tuangalie karanga. Mkulima wa Kongwa, Mpwapwa au Bahi anapovuna, karanga zilizojaa na kung'aa huzichambua na kuzipeleka sokoni, kwa sababu mnunuzi hataki mbovu. Zinazobaki ni zile zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizotobolewa na wadudu na zilizobadilika rangi. Hizo hazitupwi. Aghalabu husagwa zikawa unga wa kuungia mboga, au hutiwa kwenye uji wa mtoto. Yaani nzuri zinakwenda sokoni, mbovu zinabaki jikoni. Na katika hizo mbovu ndimo hukaa sumukuvu.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu, au ukungu, katika nafaka na karanga. Kuvu hao hushambulia mazao shambani hasa wakati wa joto na ukame, na huendelea ghalani pakiwa na unyevu. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, haina harufu, haina ladha. Kukaanga au kuchemsha hakuiondoi kiasi cha kutosha. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na wataalamu wanaihusisha pia na kudumaa kwa watoto. Ikiingia nyingi kwa mara moja, inaua.

Wala hizi si habari za mbali. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao walifariki. Chakula chenyewe kilikuwa mahindi, yaliyolimwa na kuliwa nyumbani. Wenzetu wa Kenya walipata msiba kama huo mwaka 2004 katika sehemu za Makueni na Kitui. Waliougua walikuwa 317 na waliofariki 125.

Kujulikana kwake sumu hii kuna kisa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Walipochunguza wakakuta kuwa walilishwa mashudu ya karanga yaliyoingia kuvu. Waingereza hao hao, mwaka 1947, walikuja Kongwa na matrekta yao kulima karanga ili nchi yao ipate mafuta ya kula baada ya vita. Udongo ukawa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mvua zikawadanganya, na kufikia mwaka 1951 mpango ukafungwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Karanga za Kongwa hazikuwashinda wenyeji, ambao wanazilima kwa jembe hadi leo. Tusikubali basi zitushinde sisi katika kuzihifadhi.

Tufanye nini? Kwanza, karanga zivunwe zikikomaa, zisiachwe shambani zikasubiri. Zianikwe zikiwa na maganda yake, juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Ukitikisa ganda usikie punje zinagonga, ndipo zimekauka. Zihifadhiwe katika magunia yanayopitisha hewa, juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Pili, wako wanaolowesha maganda kwa maji ili wasiumie vidole wakati wa kubangua. Ndugu zangu, kufanya hivyo ni kumkaribisha kuvu ndani ya nyumba. Tubangue zikiwa kavu.

Tatu, tuchambue za nyumbani kama tunavyochambua za sokoni. Kila punje iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyopasuka au yenye rangi ngeni itolewe. Kuchambua hakuondoi sumu yote, lakini hupunguza sehemu kubwa. Na hizo mbovu zisipewe kuku wala mbuzi, kwa kuwa sumu yaweza kuturudia kwa njia ya mayai na maziwa. Zifukiwe.

Sasa tuingie jikoni. Kwa kashata, chukua vikombe viwili vya karanga safi, uzikaange polepole na kuzipepeta maganda. Nusu yake zitwange laini, ili mafuta yake yasaidie kushikamanisha; nusu nyingine ziponde kidogo tu. Ongeza nusu kikombe cha ufuta uliokaangwa. Chemsha nusu kikombe cha sukari na maji robo kikombe hadi ianze kunata, tia iliki, changanya vyote, mimina kwenye sinia na ukate ingali moto. Wengi hutia sukari mara mbili ya hiyo au zaidi. Haihitajiki. Kwa mtoto mdogo ambaye hajafikia miaka mitano, karanga zote zitwangwe laini, maana punje nzima yaweza kumkaba.

Mtama nao hupasuka kama bisi za mahindi. Tia kidogo kwenye sufuria yenye moto, funika, tikisa. Punje zake ni ndogo, lakini ni tamu. Njugu mawe mbichi huchemshwa na maganda yake na chumvi kidogo. Huo ni mlo kamili wa saa kumi jioni.

Ubuyu usingoje kupakwa rangi nyekundu na kuzamishwa katika sukari. Unga wake mweupe una vitamini C nyingi. Ukoroge katika uji wa ulezi uliokwisha epuliwa na kupoa kidogo, kwa sababu moto huharibu vitamini hiyo. Nao huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika ulezi. Ukipenda utamu, tia asali kijiko kimoja. Ila mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Ndugu wasikilizaji, mambo haya yasiachwe kwa akina mama peke yao. Baba ndiye mara nyingi anayeamua gunia lipi liuzwe na lipi libaki. Najua ada za shule, matibabu na bati za nyumba vinangoja fedha hizo. Hata hivyo, kabla gunia halijapakiwa kwenda Kibaigwa au Majengo, zitengwe debe moja au mbili za karanga nzuri kabisa, ziitwe za watoto, na zisiguswe. Mnunuzi wa mjini tunamwogopa asije akazikataa mbovu. Mtoto wetu hana uwezo wa kukataa, anakula tunachompa.