Barua ya Ijumaa: Mtoto Amefundishwa Nini Wiki Hii?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi na jamaa zao, Shauri Moyo, Nairobi)



Tumeombwa tuseme juu ya watoto wetu na shule. Wengine wameuliza mlangoni kwa nini chama cha wafanyakazi wa reli kijitie katika mambo ya shule, na hali mambo ya marupurupu na nyumba bado hayajakwisha. Jibu letu ni fupi. Mshahara wa mfanyakazi unakwenda katika chakula, kodi ya nyumba, na watoto. Ukinunua unga unauona. Ukilipa kodi unaliona paa, hata kama linavuja. Lakini shule tunaitolea mwaka mzima, na tunachopata hatukijui mpaka muhula umefungwa. Ni kweli kwamba tangu Januari 2003 shule za msingi za serikali hazitozi karo. Lakini nani hapa hajatoa pesa za sare, za madaftari, za chakula, za hiki na kile?

Basi shauri tulilokuja nalo ni moja. Twataka kila Ijumaa mwalimu wa darasa atupe barua moja fupi, ya kutuambia watoto wamefundishwa nini wiki ile.

Sisi wengi wa umri huu tulisoma katika shule za misheni huko tulikozaliwa. Ripoti ilikuja mara tatu kwa mwaka. Ilikuwa na namba: wa 31 kati ya 58. Mzee aliitazama ile namba, akatabasamu au akatafuta fimbo, na mambo yakaishia hapo. Namba ilimwambia tulikuwa nyuma ya nani. Haikumwambia kama tulijua kugawanya, wala kama tuliweza kusoma barua ya mjomba mpaka mwisho. (Fimbo shuleni imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013. Wanaoikumbuka kwa hamu watuwie radhi.)

Sasa mambo yamegeuka. Mtaala wa umilisi uliingia madarasa ya chini nchi nzima Januari 2019, na mtihani wa zamani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Siku hizi mtoto haambiwi ni wa ngapi. Anaambiwa amezidisha matarajio, amefikia, anakaribia, au yuko mbali na matarajio. Hilo si baya. Lakini ndugu zetu wengi wakiona neno "anakaribia" hudhani ni sifa, kama gari linalokaribia stesheni. Hawaulizi anakaribia nini, na bado umbali gani.

Tena alama siku hizi zinawekwa akiba. Watoto wa kwanza wa mtaala huu walipomaliza Gredi ya 9 mwaka wa 2025, mtihani wa mwisho ulikuwa asilimia 60 tu ya hesabu yao. Asilimia 20 zilitoka katika mtihani wa Gredi ya 6, na asilimia 20 katika kazi za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Kwa hesabu hiyo wakagawanywa katika shule za sekondari ya juu Januari 2026. Hapana tena ile nafasi ya mtoto kulala miaka saba na kuamka mwaka wa nane. Kila Januari anasogezwa mbele, ajue asijue. Asiyejua kusoma vema katika Gredi ya 3 anaingia ya 4, ambako masomo mengi ni kwa Kiingereza, na hapo hata hesabu inampita, kwa kuwa swali lenyewe hawezi kulisoma.

Tazameni mihula. Mwaka wa 2025 muhula wa kwanza ulikuwa wiki 13, wa pili 14, wa tatu 9. Mtoto akikosea njia wiki ya pili, nasi tukapata habari wiki ya 13, amekwenda wiki 11 katika njia isiyo yake. Je, reli ingeendeshwa hivyo? Katika njia ya zamani kila stesheni ilikuwa na daftari lake. Stesheni masta aliandika saa gari lilipoingia na saa lilipotoka, na hakuliachia mpaka stesheni ya mbele ikubali. Hakuna aliyengoja gari lifike Kisumu ndipo aulize kama lilipita Nakuru.

Wengine watasema: mbona habari tunazo? Kuna kundi la WhatsApp la darasa. Haya, tulizungumze hilo, maana ndilo jambo lenyewe.

Makundi haya yaliongezeka sana shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, nayo yalisaidia. Lakini sisi wachache tulikaa tukasoma pamoja maneno ya kundi la darasa moja. Shule hatuitaji. Leta karatasi ya manila. Leta boksi na gundi. Leta picha iliyochapishwa, kabla ya kesho asubuhi. Pesa ya mtihani wa majaribio. Mzazi fulani ameweka picha ya maua, mwingine maneno ya dini. Kwamba watoto walifundishwa nini, hatukuliona hata neno moja. Mzazi anajua anadaiwa nini na hajui mtoto anajua nini.

Halafu ni nani anayelisoma kundi hilo? Mama anayeuza mitumba Gikomba hana nafasi ya kushika simu mpaka jua litue, na jioni bando limekwisha. Nyumba nyingine ina simu moja tu inayofungua WhatsApp, nayo iko mfukoni mwa baba, na baba yuko kwenye gari la usiku la Mombasa. Akirudi asubuhi mtoto amekwenda shule. Akiamka kwenda kazini mtoto amelala. Wapo miongoni mwetu wanaowaona watoto wao macho wazi siku mbili kwa wiki. Na maneno yenyewe huandikwa kwa Kiingereza kigumu, kana kwamba mzazi naye anafanya mtihani. Katiba ya 2010 imesema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwalimu akimwandikia mzazi wa Shauri Moyo kwa Kiswahili hakuishusha shule.

Sasa tuseme jambo ambalo halitupendezi, lakini lazima lisemwe. Kupewa habari peke yake hakutoshi. Tangu mwaka wa 2009 watu wa Uwezo walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba hapa Kenya, wakiwapima watoto kusoma na hesabu, na kumwambia mzazi palepale mtoto wake alivyofanya. Mabwana wawili na bibi mmoja wa vyuo vikuu vya Marekani, Lieberman, Posner na Tsai, wakaenda vijijini kutazama kama wazazi walioambiwa walifanya lolote zaidi ya wale wasioambiwa. Taarifa yao ilitoka mwaka wa 2014. Hawakuona tofauti ya maana. Mzazi alisikia mtoto hajui kusoma, akasikitika, akarudi shambani.

Lakini tazameni Botswana. Mwaka wa 2020, shule zilipofungwa, jamaa waligawanywa. Wengine walipata ujumbe wa simu kila wiki wenye maswali machache ya hesabu. Wengine walipata ujumbe uleule, na tena wakapigiwa simu kila wiki, dakika 15 hadi 20, mzazi na mtoto wakiwa pamoja wanalifanya swali na mtu wa upande wa pili. Waliopigiwa simu walisonga mbele katika hesabu. Waliopata maandishi peke yake faida yao haikuonekana wazi. Nako Chile shule za watu wa kipato kidogo ziliwapelekea wazazi maneno mafupi ya simu kuhusu mahudhurio, alama na mwenendo wa mtoto, na alama za hesabu zikapanda. Si sana, lakini zilipanda.

Sisi twaona tofauti iko hapa. Habari inayokuja mara moja ni kama mgeni: humkaribisha, akaenda zake. Habari inayokuja kila wiki, yenye kazi ndogo ya kufanya na mtu wa kukuuliza umeifanya, hiyo inakuwa desturi ya nyumba. Kwa hiyo hatutaki barua ya kujaza karatasi. Twataka barua yenye mistari michache, na mmoja wa mistari hiyo uwe kazi ya mzazi. Tumejaribu kuandika mfano, ili mwalimu asiseme hatujui tunachotaka:

"Gredi ya 3, wiki ya 5. Hesabu: tumefanya kutoa kwa kukopa, kama 432 toa 158. Kiswahili: tumesoma hadithi fupi na kusema kwa maneno yetu nani alifanya nini. Mazingira: tumetenga taka zinazooza na zisizooza. Kufika Jumatatu kila mtoto aweze kusoma ukurasa mmoja bila kusimama kila neno. Mzazi, muulize hivi: umekwenda Burma na noti ya 500, nyama ni shilingi 320, unarudi na ngapi? Asipoweza, tia alama hapa chini, nirudishie."

Basi. Hesabu ile yaweza kuulizwa na mama akikata sukuma, wala haihitaji taa wala meza, maana twajua vyumba vyetu. Asiyejua kusoma ataambiwa na jirani, au mtoto mwenyewe ataisoma, na akishindwa kuisoma hiyo nayo ni habari. Mambo ya pesa yasiandikwe katika karatasi hii hata kidogo. Yaandikwe katika karatasi nyingine, siku nyingine. Mzazi akizoea kwamba karatasi ya Ijumaa haidai kitu, hataikimbia.

Nakala moja ibandikwe langoni mwa shule, na picha yake ipelekwe kwenye kundi kwa wenye simu.

Hapa mwanachama mmoja alitushika shati akatuambia: mnamwongezea mwalimu kazi, ninyi watu wa chama! Ni swali la haki. Walimu ni wafanyakazi kama sisi, na chama chao cha KNUT kimekuwapo tangu 1957. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya sitini darasani, tukimwambia aandike barua sitini kila Ijumaa, tutakuwa tunamfanyia yale tunayomkatalia mwajiri wetu. Hatutafanya hivyo. Barua ni moja kwa darasa zima. Tena mambo yale tayari ameyaandika, kwa kuwa mwalimu hutakiwa kuweka rekodi ya kazi aliyofundisha kila wiki. Twaomba anakili mistari mitano tu kutoka katika daftari lile. Simu za kuuliza hali zitapigwa na mjumbe wa wazazi wa darasa kwa wale waliotia alama, na mwalimu aitwe tu pale mtoto anapokwama wiki mbili mfululizo.

Mjumbe huyo si mtu wa kubuniwa. Sheria ile ya 2013 imeweka Chama cha Wazazi katika kila shule, ambamo kila mzazi mwenye mtoto pale ni mwanachama, na kamati yake ina mjumbe wa kila darasa. Moja ya kazi zake ni kuweka uhusiano mwema kati ya walimu na wazazi. Lakini mkiuliza leo, wengi hawamjui mjumbe wao, au wanamjua kama mtu wa kukusanya michango. Na akina baba tuliomo humu, tusimwachie mama mkutano wa shule halafu tuwe wa kwanza kugomba ripoti ikija. Kwenye mkutano wa mshahara hatutumi mtu badala yetu.

Tumekubaliana na katibu wa tawi hivi. Tusianze na shule zote wala madarasa yote. Tuanze na Gredi ya 3, kwa muhula mmoja, katika shule mbili za karibu zilizo na watoto wa wanachama wengi. Wawili wetu watakwenda pamoja na mjumbe wa darasa kumwona mwalimu mkuu katika wiki ya kwanza ya muhula, kwa adabu, na ule mfano mkononi. Karatasi tutatoa sisi, na mashine inayotoa gazeti hili yaweza kutoa na barua hizo. Muhula ukifika katikati, tutawauliza wazazi mambo mawili tu: umeipata mara ngapi, na ulimuuliza mtoto mara ngapi. Majibu yatachapishwa humu, yawe mazuri au mabaya.

Mwenye mtoto wa Gredi ya 3 aandike jina lake na jina la shule kwa katibu kabla hajatoka. Walio zamu usiku wa leo hawakukosa: karatasi nyingine imetundikwa katika chumba cha kupumzikia, chini ya orodha ya zamu, na kalamu imefungwa kwa uzi.