MAJI YA MVUA NA BARABARA ZA MTAA WETU

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama, kwa niaba ya Kamati, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Habari za fedha, za mazishi na za karo za watoto mmekwisha kuzisikia kwa Mweka Hazina. Sisi wa Kamati twapenda kunena juu ya jambo moja tu, nalo ni maji yaingiayo majumbani mwetu kila masika, na barabara iharibiwayo na maji hayo hayo. Mwisho wa maneno haya tutawaomba mkate shauri.

Mji huu wa Nairobi ulianza mwaka 1899 kuwa kambi ya reli, mahali penye maji na matope. Jina lake latokana na maneno ya Kimaasai ambayo maana yake ni maji baridi. Huku kwetu upande wa mashariki nchi ni tambarare, na udongo wake ni ule mweusi uvimbao ukilowa na kupasuka wakati wa kiangazi. Udongo huo haunywi maji upesi, basi hayana budi kupewa njia. Mtaro ukiziba, maji huifanya barabara kuwa mtaro wao. Udongo wa chini hulainika, na gari zito la kwanza kupita huacha shimo. Kwa hiyo shida hizi mbili ni shida moja. Mtu akimwaga changarawe barabarani bila kuzibua mtaro, fedha za watu zimepotea kabla ya masika mengine.

Wala si jambo la viatu kuchafuka tu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, 2024, karibu na Mai Mahiu, maji mengi yalifumka kwa nguvu na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa wamelala. Serikali ilieleza kwamba maji hayo yalikuwa yamezuiliwa chini ya tuta la reli, mahali pa kupitia pakiwa pamezibwa na miti na takataka. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, nyumba za watu wengi kando ya mto Mathare zilibomolewa kwa amri ya Serikali, iliyotaka watu wahame kingo za mito. Wenzetu wale walipatwa na mafuriko kwanza, kisha wakapatwa na tingatinga.

Je, jambo hili lapelekwa kwa nani? Wajumbe wetu walizungushwa kati ya ofisi mbili, kila moja ikisema barabara si yake. Yafaa kila mwanachama ajue. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya barabara za kaunti na ya mifereji ya maji ya mvua katika sehemu zenye majengo. Barabara za taifa nazo, kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, zina mamlaka tatu: moja ya barabara kuu, moja ya miji, na moja ya mashambani. Kwa hiyo kabla ya kuandika, tuulize kwanza barabara ni ya nani, na jibu tulipate kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2016 juu ya kupata habari inaiagiza ofisi ya umma itoe jibu katika muda wa siku 21.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko nayo ni vivyo hivyo. Tumekwenda barazani mara nyingi, tumesema kwa uchungu, tumepigiwa makofi, na hakuna karatasi iliyobaki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 88, yampa mwananchi haki ya kuleta ombi lake kwa maandishi. Na kifungu cha 89 chawapa wakuu wa kaunti wajibu wa kulijibu bila kukawia. Haki ya kwanza ni ya mwenye kuandika. Ombi letu litaje mahali penyewe, tarehe za mafuriko, kimo cha maji ukutani kilichopimwa kwa futi, idadi ya nyumba zilizoingiwa, na kazi tunayotaka ifanywe. Liwe na majina na sahihi. Nakala moja apewe Mwakilishi wa Wadi, na nyingine igongwe muhuri wa ofisi, ikae katika sanduku la Chama.

Tena liende kwa wakati wake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya matumizi hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa huko kufikia tarehe 1 Septemba. Mtu aliaye mwezi wa Aprili, maji yakiwa chini ya kitanda chake, analia wakati makadirio yamekwisha kuandikwa. Ombi la mtaro yafaa liandikwe wakati wa vumbi, mwezi wa Julai, lifike kabla mpango haujafungwa.

Sasa twaja kwenye neno zito, na twaomba radhi ya wazee tukilitaja waziwazi. Kamati ilitembea kando ya mtaro mkubwa kutoka juu mpaka mtoni. Takataka tuliziona, na hizo twaweza kuziondoa wenyewe kwa jembe na toroli Jumamosi mbili. Lakini tuliona pia vibanda, kuta, na vyumba vya kupangisha vilivyosimama juu ya njia ya maji. Baadhi ya mali hiyo ni ya wanachama walioketi hapa, na wengine wao ni wajane wanaokula kwa kodi ya chumba kimoja. Tukiomba mtaro ufunguliwe, mhandisi atakuja na kamba ya kupimia, na kamba haimjui mwanachama.

Kamati imeona vema isifiche jambo hili ndani ya ombi. Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, ombi liandikwe na kutiwa sahihi mwezi wa Julai. Pili, liseme wazi kwamba wenye majengo wapewe taarifa kwa maandishi na muda wa kutosha wa kuhama, ili yaliyotokea Mathare yasitokee hapa. Tatu, Chama kitenge sehemu ya akiba yake kumsaidia mwanachama atakayebomoa kwa hiari, akianza na mjane.

Twajua gharama ni kubwa, na huenda michango ya mwakani ikaongezeka. Lakini hiki ni chama cha kusaidiana. Hatukukiunda ili tusaidiane katika kuzika peke yake, tukaacha kusaidiana katika kumwondoa mwenzetu njiani mwa maji akiwa bado hai.

Bwana Mwenyekiti, shauri liko mbele ya mkutano. Daftari la sahihi lipo mezani.