Mchezo wa kuigiza huanzia sikioni

Juma hili naomba tuyaweke kando mambo ya bei na ya siasa, tuzungumzie kitu nilichokipenda tangu ujana wangu: michezo ya kuigiza ya Uingereza ya zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, yaani michezo ya akina William Shakespeare na Christopher Marlowe.

Najua wapo watakaouliza, ya nini hayo ya miaka 400 iliyopita? Siwalaumu. Wengi wetu tulikutana nayo darasani. Tulipewa madondoo, tukakariri dhamira na sifa za wahusika, tukafanya mtihani, kisha kitabu tukakifunga moja kwa moja. Lakini hebu tujiulize: wale waliolipa peni moja wakasimama uwanjani katika ukumbi wa Globe, ng'ambo ya mto Thames jijini London, walikuwa na madondoo? Hawakuwa nayo, na wengi wao hata kusoma hawakujua. Walikuwa na masikio. Ndiyo maana Waingereza wa wakati ule walizoea kusema kwamba wanakwenda "kuusikiliza" mchezo.

Waigizaji nao walitegemea masikio. Michezo ilinakiliwa kwa mkono, na kunakili ni kazi na gharama. Kwa hiyo mwigizaji hakupewa mchezo mzima. Alipewa maneno yake tu, na kabla ya kila zamu yake aliandikiwa maneno mawili matatu ya mwisho ya yule atakayemtangulia. Karatasi za namna hiyo za Edward Alleyn, mwigizaji mashuhuri wa zama hizo, zipo hadi leo katika chuo cha Dulwich huko London, alichokianzisha mwenyewe mwaka 1619. Kundi lake, katika ukumbi wa Rose, liliigiza siku sita kwa juma, na karibu kila siku mchezo mwingine. Muda wa mazoezi ulikuwa mdogo. Asiyesikiliza aliumbuka mbele ya watu.

Basi, mimi na kikundi cha vijana tunaokutana jioni tukaamua kuufuata utaratibu huo. Tulichukua Julius Caesar kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, aliyetoa tafsiri yake mwaka 1963, akaitoa tena baada ya kuisahihisha mwaka 1969. Tukachagua ule mkutano wa hadhara baada ya Caesar kuuawa. Kila mmoja akapewa maneno yake tu. Walioigiza raia walipata mistari michache, ikabidi watege masikio kungojea zamu zao.

Brutus akapanda akatoa sababu zake, sababu za mtu mkweli, na raia wakamshangilia. Akafuata Mark Antony. Akautaja wosia wa Caesar, akakataa kuusoma. Akashuka, akawaonyesha joho lililotobolewa kwa majambia. Vijana wangu wakawa wanasogea mbele bila kuambiwa. Mara umati ukaondoka kwenda kuchoma nyumba, na ule wosia wenyewe umeshasahauliwa! Ikabidi Antony awaite warudi, awasomee kwamba kila raia ameachiwa drakma 75. Punde si punde, umati huo huo unamuua mshairi Cinna, kwa kuwa jina lake ni sawa na la mmoja wa waliomuua Caesar. Anajieleza kwamba yeye siye. Hakuna anayemsikia.

Tulipomaliza, binti mmoja aliyeigiza raia aliuliza: ni kwenye neno gani hasa raia wake aligeuka, hata akawataka kuwaua wale aliokuwa akiwashangilia muda mfupi uliopita? Tukarudi nyuma kutafuta, sentensi kwa sentensi. Neno hilo moja hatukuliona. Aligeuzwa kidogo kidogo, huku akidhani anaamua mwenyewe.

Swali lile, wasikilizaji, halimo katika madondoo yoyote niliyopata kuyaona. Lilitoka kwa mtu aliyesimama ndani ya umati. Na ni swali ambalo mtu wa mjini, anayeishi katikati ya vipaza sauti na sasa simu za mkononi, anapaswa kujiuliza kila jioni kabla hajalala.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Kabla ya kugawa madondoo, kateni karatasi, mpeni kila mwanafunzi maneno yake, kisha wasimameni. Hamhitaji taa wala mapazia. Pale Globe walitumia mwanga wa jua. Mtihani utakuja tu, lakini utamkuta mwanafunzi amekwisha kusikia.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Hadi juma lijalo, kwaherini.